Kengele Chini ya Beseni

Kwenye msiba wa Fundi Salumu niliulizwa mara kadhaa mimi ni nani wa marehemu, na kila mara nilichelewa kujibu. Wanawake tulikaa kwenye mikeka katika chumba cha ndani, Manzese, nyumba ileile nilimowahi kunywa chai nyingi, na wanaume walikuwa nje chini ya turubai wakingoja wakati wa kwenda makaburini. Sikuwa ndugu, sikuwa jirani, na mtandio nilikuwa nimejifunga vibaya kwa sababu si vazi langu la kila siku. Swali lile nililifikiria kama ninavyofikiria kila kitu, yaani kupita kiasi. Nikisema nilifanya kazi kwake wataniuliza kazi gani. Nikisema alinifundisha, watashangaa mwanamke na nozo za malori wapi na wapi. Mwishowe nilimwambia mama mmoja mnene aliyekaa kando yangu kwamba niliwahi kumtengenezea fundi mashine. Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka miguuni, akasema, "Kumbe ndiye wewe," kisha akamgeukia mwenzake wakaendelea kuzungumzia mikono ya marehemu. Walisema haikuwahi kukosea. Walisema angeweza kushika nozo ya lori huku amefumba macho akakwambia inaumwa wapi. Niliutazama mkeka. Nilikuwa na la kusema juu ya mikono ile na sikulisema.

Mwaka ninaoukumbuka ulianza tuliporudi kutoka kumzika mama, Tukuyu. Sitasimulia alivyougua, ni habari ndefu na si yangu peke yangu. Nilikuwa nimemaliza chuo muda si mrefu, uhandisi wa umeme, na nilifikia kwa mama yangu mdogo, Gongo la Mboto, kwenye chumba cha uani ambacho kabla yangu kilikuwa stoo. Magunia ya mchele wa Kyela yalibaki humo pamoja nami, na cherehani iliyofunikwa kanga, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani kwa karibu kiasi kwamba ungeweza kunyoosha mkono ukaugusa. Nililala, niliamka, niliandika barua za maombi ya kazi. Nilizisoma upya nikabadilisha "naomba" kuwa "ninaomba", kisha nikairudisha "naomba". Sikulia. Watu hudhani asiyelia anajizuia, lakini mimi sikuwa na cha kuzuia. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu, kabla haujaanza kuchomachoma: upo, unauona, ila ukiugusa ni kama umegusa kitu cha mtu mwingine. Kiswahili kina neno moja tu kwa hali hiyo, ganzi, na nilikuwa nikijiuliza kama neno hilo linaweza kutumika kwa mtu mzima wote au ni la viungo tu.

Mamdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na nyumbani kwake mtu akiitwa aliitika. Mvulana naam, msichana abee, na si kwa kuchelewa. Mimi aliniita Sekela, jina ambalo kwetu maana yake ni furahi, na sauti yake ilinifikia kama taarifa ya habari kwenye redio ya jirani, habari za mahali nisipokuwapo. Alasiri moja nilitoka jikoni na kikombe mkononi nikamsikia uani akiongea na Mama Shirima wa nyumba ya pili, wanachambua mchele. Alisema huyu mtoto unamwita mara tatu ndiyo ageuke, na tangu mazishi hajatoa chozi hata la kusingizia. Mama Shirima akasema pengine nina masikio mabovu, mbona kuna hospitali.

"Masikio anayo," mamdogo akasema. "Mwenyewe ndiye hayupo."

Nilisimama nyuma ya pazia la mlango nikiwaza kama nilipaswa kukohoa, au kurudi jikoni, au kupita kana kwamba sikusikia. Chai ilipoa. Nadhani ni mazungumzo hayo yaliyomfikia Bwana Shirima mwenyewe, dereva wa Fuso, kwa sababu siku chache baadaye alinisimamisha getini akaniuliza kama ni kweli nimesomea umeme. Alikuwa na fundi wake Manzese, fundi wa nozo, mashine yake iliungua na hakuna anayeiweza. "Twende tu ukaione, sista," alisema. "Kuliko kukaa na magunia."

Karakana ya Fundi Salumu ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake, kinachotazama njia ya udongo inayoangukia Barabara ya Morogoro. Upande wa kulia palikuwa na mashine ya kusaga nafaka, upande wa kushoto kijana aliyeuza nyimbo na kupiga singeli kutwa. Kati ya hao wawili, kila kitu ndani ya karakana kilitetemeka. Chai kwenye glasi ilitetemeka. Kalenda ukutani ilitetemeka. Watu waliongea kwa kupaza sauti na nusu kwa ishara, na baada ya wiki moja uliacha kulitambua hilo. Fundi alikuwa mtu mwembamba wa Masasi, kofia ya kufuma kichwani, aproni iliyokuwa ya bluu zamani. Nilimwamkia. "Marahaba," akasema. "Umesoma ukamaliza, au uliishia njiani?" Nikasema nimemaliza. "Basi kaa hapo, Injinia. Kuna kitu hapa hakijamaliza."

Nozo ni kile kidude cha injini ya dizeli kinachonyunyizia mafuta. Matundu yake ni membamba mno, na ndani yake mna sindano ya chuma inayopanda na kushuka. Masizi yakiziba, gari linatoa moshi mweusi na kukataa mlima. Sindano ikikaa vibaya mafuta yanachuruzika badala ya kunyunyiza, na madereva husema nozo inakojoa. Kwa miaka mingi Fundi aliziosha kwa mkono, petroli na brashi na waya mwembamba, kisha akaipima sindano kwa vidole: unaipandisha kidogo, unaiachia, nayo inatakiwa iteremke yenyewe kwa uzito wake bila kusita. Kusita huko hakuonekani kwa macho. Baadaye alinunua mashine iliyotumika kutoka nje, beseni la chuma kisichoshika kutu ambalo chini yake yalibandikwa madude mazito ya chuma yenye umbo la kengele. Umeme ukiyafikia, vigae vyeupe vilivyobanwa ndani vinatanuka na kusinyaa kwa kasi isiyosemeka, na hiyo ndiyo sauti, ila ni kali kuliko sikio la mtu linavyoweza kupata. Maji ndani ya beseni yanajaa viputo vidogo vinavyopasuka na kukwangua uchafu mpaka ndani ya matundu. Fundi aliyaita kengele. Kengele zilikuwa nzima. Sakiti ya kuzipigia ndiyo iliyoungua, siku umeme ulipokatika ukarudi kwa nguvu, na ilikuwa imemiminiwa gundi ngumu nyeusi ili mtu asiweze kuifungua. Kwa hiyo haikuwa kazi ya kutengeneza. Ilikuwa kazi ya kujenga mpya.

Nilikubali bila kufikiri, jambo ambalo si kawaida yangu, kisha nikafikiri kila siku baada ya hapo. Nilichora sakiti kwenye meza ya mamdogo, nikaifuta, nikaichora. Transista mbili zinazopokezana kuusukuma umeme, moja ikiwaka nyingine inapumzika. Koili ya kuulainisha umeme kabla haujafika kwenye kengele. Kitufe cha kuzungusha, cha kubadilishia kasi. Hicho kitufe ndicho kilichonipa shida kumweleza Fundi, kwa sababu kila kengele ina kasi yake moja tu inayoipenda. Ukiipigia kwa kasi hiyo inatetemeka kwa nguvu zake zote. Ukikosea kidogo, chini au juu, inakaa kimya kama chuma kingine chochote. Na kasi yenyewe inahama kengele ikipata joto, inahama ukiongeza maji.

Fundi alisikiliza huku anakula muhogo wa kuchoma wenye chachandu. "Kwa hiyo unaiita kwa jina lake."

Nikasema ndiyo, ni kama hivyo.

"Na ukikosea jina haiitiki."

"Haiitiki."

"Na jina linabadilika mtu akipata joto." Alifuta mdomo. "Nina shemeji yangu wa namna hiyo."

Majaribio ya mwanzo yalikuwa ya kuunguza. Transista zilipasuka kwa mlio wa njugu, na siku moja Bwana Shirima, aliyekuwa amekuja kuangalia nozo zake, alijikuta nje barabarani kabla hajajua ametokaje. Kosa lilikuwa kwamba moja haikuwa imezima sawasawa wakati mwenzake anawaka. Nikaweka pengo dogo ambamo zote zinapumzika, na milio ikakoma. Mchana tulikula pamoja, wali na maharage aliouleta Bi Mwanaidi, mke wa Fundi, sinia moja kwa wote. Nilimwona Fundi akishika glasi ya chai ya moto kwa kiganja kizima, huku sisi tunaishika kwa ncha za vidole kwenye ukingo. Niliona pia lengelenge kwenye kidole gumba chake, na jingine baadaye. Sindano zilimponyoka, naye aliinama akaziokota sakafuni akisema macho yanazeeka. Nilikuwa mtu wa kuwaza mpaka mkao wa herufi kwenye barua. Hayo niliyaona na sikuyawaza.

Ikafika siku nilipozungusha kitufe polepole na mshale wa mita ya kupimia umeme ukapanda. Umeme ulikuwa unakwenda mahali. Kisanduku changu kilikuwa cha mbao, wazi juu, hata taa ya kuonyesha kimewaka sikuwa nimekiwekea, kwa hiyo nilizoea kutangaza. Nikasema, "Nimewasha." Fundi akakunja mkono wa shati. Alikuwa amekwisha kunieleza kwamba ile sakiti ya zamani ilipokuwa hai, ukitia kidole majini kinauma mpaka kwenye mfupa, kama umeng'ata barafu kwa jino bovu. Niliwahi kumwambia wenye kutengeneza mashine hizi wanakataza kabisa kuingiza mkono, akacheka, akasema mita yangu inaonyesha kinachoingia, yake inaonyesha kinachotoka, akanionyesha kidole cha shahada. Sasa akakizamisha. Akangoja. Mashine ya kusaga ilinguruma, maji yalitetemeka kama yalivyotetemeka siku zote.

"Hamna," akasema.

Nilimwamini. Sikuwa na sababu ya kutomwamini. Hao wanawake kwenye mkeka wasingemwamini zaidi yangu. Kwa macho nisingeweza kujua, kwa kuwa kila maji katika chumba kile yalitetemeka. Kwa masikio ndiyo kabisa. Nozo za wateja alikataa kuziingiza mpaka kidole kimeridhika, kwa sababu ni mali za watu. Na mimi mkono wangu niliuogopea, umeme mkali na meza yenye maji, nilikuwa nimeyasoma maonyo yote. Kwa hiyo nilirudi Gongo la Mboto nikafikiri umeme unaingia na hautoki, na kama hautoki unapotelea wapi. Nikaisuka koili upya. Nikashuku gundi iliyoshika kengele. Nikashuku sabuni. Nikaisuka koili tena kwa waya mnene zaidi. Kila mara mshale ulipanda, kila mara nikasema nimewasha, kila mara kidole kikazama na Fundi akasema hamna, kwa upole zaidi na zaidi, mpaka upole wenyewe ukawa mgumu kuuvumilia.

Katika muda huo niliona wateja wanapungua. Mabasi ya mikoani yalikuwa yamehama Ubungo, hilo kila mtu alilisema, lakini malori yalikuwepo na hayakuja. Siku moja Bwana Shirima alirudisha nozo zake akaziweka mezani juu ya gazeti. Alisema kwa utani, kama wanavyotaniana madereva, "Fundi, hizi zinakojoa kama kitoto cha miezi sita. Mikono imeenda likizo?" Waliokuwapo wakacheka. Fundi akacheka. Akaichukua sindano moja, akaipandisha, akaiachia, akaipandisha tena, akainamisha kichwa kama anasikiliza mtu anayenong'ona kwenye kelele. Walipoondoka aliniambia kwamba mashine ikigoma atafunga, atarudi Masasi kwenye mikorosho ya baba yake. Nilimwambia bado anaweza kuosha kwa mkono kama zamani. Alisema, "Mkono ndiyo hauwezi," nami nikaelewa kwamba kazi imekuwa nyingi kwa umri wake. Nikiwa kwenye mkeka ule wa msibani nilikikumbuka kile kichwa kilichoinama. Alikuwa anaitafuta sindano kwenye vidole vyake mwenyewe na haipo.

Mwisho wa wiki hiyo umeme ulikatwa mtaa mzima kwa matengenezo. Bwana Shirima alipakia beseni na kisanduku kwenye Fuso akanishushia nyumbani. Jumapili baada ya kanisani mamdogo alikuwa anapika ndizi jikoni. Mimi niliweka beseni kwenye stuli uani, nikalijaza maji, na kwa kuwa nilitaka kitu chenye matundu nikachukua kichujio cha chai, kile chake cha waya kilichokuwa cheusi tangu nilipokijua. Nikakitumbukiza, nikawasha, nikazungusha kitufe. Palikuwa kimya jinsi Gongo la Mboto inavyokuwa kimya Jumapili, kuku, ufagio wa mtu mbali. Na kulikuwa na sauti. Ndogo, ya kutatarika, kama mafuta kwenye kikaango kabla hujatia kitunguu. Niliinama. Nikaamua ni koili inayolalamika. Nikaamua ni stuli. Mamdogo aliniita, naye anasema aliniita zaidi ya mara moja, na aliposhindwa akatoka na mwiko mkononi, akaona kichujio chake majini, akatia mkono kukichukua.

"Mama wee!"

Mwiko ulianguka. Alikuwa ameushika mkono wake kwa mkono mwingine, ananiangalia kama nimempiga. Kichujio alikuwa amekitoa, kiko chini, nacho kilikuwa cheupe. Ule weusi wa miaka ulikuwa unaelea majini kama moshi. Mamdogo alikuwa akisema nimekuita mpaka koo limekauka, hivi unataka kuniua, ni kitu gani hicho, na mimi nikatia vidole vyangu. Sijui kwa nini hapo sikuogopa. Maumivu hayakuanzia kwenye ngozi. Yalianzia ndani, kwenye mfupa, ya baridi na ya kusaga, barafu kwenye jino bovu kama alivyosema. Nikautoa mkono nikaushika kama alivyoushika mamdogo, tukawa tumesimama tunatazamana kila mtu na mkono wake. Ilikuwa inafanya kazi. Haikuwa imeanza leo; sikuwa nimebadilisha chochote tangu Ijumaa, na Ijumaa Fundi alizamisha kidole akasema hamna. Ndizi ziliungua jikoni.

Jioni yote nilitunga sentensi. Fundi, nimegundua tatizo. Fundi, samahani, naomba nikuulize kuhusu afya yako. Fundi, tujaribu na nozo moja tu mbovu. Hii ya tatu niliipenda kwa sababu ingemwachia njia ya kutokea; nozo ingetoka safi, tungefurahi, kidole kingesahauliwa. Kisha nikaona kwamba asipoambiwa, siku moja ataacha mkono humo ndani, au kwenye jiko, au kwenye petroli inayowaka. Kisha nikaona kwamba akiambiwa, ameisha. Fundi wa nozo asiye na vidole vya kuhisi ni kama kipofu anayeuza vitambaa kwa rangi. Nililala nikiwa nazo zote.

Jumatatu beseni lilirudi Manzese na mimi. Mashine ya kusaga ilikuwa inanguruma, singeli ilikuwa inapigwa. Nilifunga nyaya, nikajaza maji, nikawasha, nikatafuta mahali mshale unapopanda. Na sentensi zile zilikuwa zimenikaa kooni nyingi kiasi kwamba hata ile ya kila siku haikupita. Sikusema nimewasha. Fundi alikunja shati akaja, akazamisha vidole, safari hii vinne, mpaka vifundo. Akangoja. Akaniangalia.

"Umewasha?"

"Abee?" nikasema. Ilinitoka yenyewe, mimi ambaye mamdogo alikuwa amekata tamaa ya kuisikia.

"Nakuuliza umewasha?"

"Nimewasha, Fundi."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu kabla hujatia mkono."

Hakuutoa. Uso wake ulikuwa mtulivu, uso wa mtu anayengoja kutumiwa neno. Alisema basi hamna, tena kwa upole uleule. Nikatia vidole vyangu kando ya vyake. Niliviacha humo muda mrefu kuliko nilivyoweza, na yeye hakuangalia maji, aliniangalia mimi. Sijui aliona nini usoni kwangu. Ninachojua ni kwamba nilipoutoa mkono machozi yalikuwa yananitoka, na yaliendelea baada ya maumivu kwisha, na sikuyafuta kwa sababu sikujua ni ya nini. Mkono wake bado ulikuwa ndani. Kwa mara ya kwanza aliutazama, jinsi unavyotazama mzigo ulioachiwa na mtu ambaye hajarudi.

"Toa mkono, Fundi."

Aliutoa. Alivifuta vidole kwa aproni, kimoja baada ya kingine, bila haraka, akavitazama mbele na nyuma. Nilidhani atasema atafunga. Nilidhani atanifukuza. Alikwenda kwenye meza akachukua zile nozo za Shirima kwenye gazeti.

"Basi weka nozo," akasema.

Zilipotoka, alizitazama kwa lenzi yake mlangoni penye mwanga, na macho yake hayakuwa yamezeeka hata kidogo. Akanirudishia moja pamoja na sindano yake. Akaniambia niipandishe kidogo, niiachie, nimwambie. Nikasema imeteremka. Akasema hajauliza kama imeteremka, ameuliza imeteremkaje. Nikarudia mpaka nikaipata, kitu kidogo sana katikati ya safari, kama mtu anayekumbuka jambo akiwa anashuka ngazi kisha anaendelea. Nilipomwambia hivyo alifumba macho akasema ndiyo, hiyo ndiyo, hiyo sindano si ya nozo hiyo, zimebadilishana ndugu. Akazipanga upya. Za Shirima hazikukojoa tena.

Nilibaki naye mpaka mwaka ulipokwisha na moja ya zile barua ilipojibiwa. Aliwaambia wateja kwamba Injinia anajifunza, ndiyo maana anashikashika kila kitu, na wao waliona ukarimu wa fundi mkubwa kumvumilia msichana. Mimi nilishika, nikasema. Yeye alisikia, akajua. Kuhusu vidole hatukuongea tena. Niliweka taa nyekundu juu ya kisanduku, kubwa, na hakuniuliza ya nini. Nyumbani mamdogo akiniita niliitika, mara nyingi ya kwanza, wakati mwingine ya pili. Yale machozi ya Jumatatu hayakurudi kwa muda mrefu, na yaliporudi nilikuwa nafanya kitu cha kawaida kabisa, napepeta mchele.

Pale msibani, wanaume walipoondoka kwenda makaburini, Bi Mwanaidi alituma niitwe chumbani alikokaa eda. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama nimewaambia wale wanawake. Nikasema sijawaambia.

"Nilijua kabla yako," akasema, "na kabla yake mwenyewe. Alikuwa anaipua sufuria motoni kwa mkono mtupu, halafu ananisifia, eti mke wangu hodari wa kupoza vitu." Alicheka kidogo, akajikuta analia, akamaliza kucheka. "Usimfiche tena. Sema ukitaka. Ila leo waachie hiyo mikono wanayoisifu." Kisha akasema kuna nozo za watu zimo kwenye beseni tangu siku alipougua, na si vizuri mali za watu kukaa kwenye msiba. Nizioshe, Shirima atazipeleka.

Nikapita kwenye korido nikaingia karakana. Ile taa nyekundu ilikuwa imepata vumbi. Nikawasha, nikazungusha kitufe mpaka kengele zikaitika, na hapo nikasimama, kwa sababu nilizisikia. Jirani wa kulia alikuwa amefunga mashine yake ya kusaga kwa ajili ya mazishi. Kijana wa nyimbo alikuwa amezima. Glasi kwenye rafu ilikuwa imetulia, kalenda imetulia, na ile sauti ndogo ya kutatarika, ya viputo vikipasuka majini, ilijaza chumba chote, sauti ambayo Fundi mwenyewe, miaka yote, hakuwahi kuisikia humu. Nilitia ncha ya kidole. Iliuma.

"Sekela," Bi Mwanaidi aliita kutoka ng'ambo ya ukuta. "Ndiyo hiyo inayolia?"

"Abee," nikaitika, kabla hajaniita mara ya pili. "Ndiyo hiyo."